Shajara ya kamusi ya shule: wiki tatu na neno monotonous

Jumanne, 2 Septemba

Herufi M tumefika katikati. Kwa ambao hawajafuatilia, tunatengeneza kamusi ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili ya wanafunzi wa sekondari hapa Kigoma, tuko watu wanne, walimu watatu na mimi ninayeshika faili, tunalenga maneno 3,000 na hadi leo asubuhi tuna 1,740. Tunakutana jioni baada ya vipindi, umeme ukiwepo.

Leo tumekwama kwenye monotonous. Mwalimu mwenzetu wa Kiingereza kaja na daftari la mwanafunzi wa fomu tu, yani kidato cha pili, kijana kaandika insha anasimulia Jumamosi yake, kaenda shambani kwa bibi yake kulima muhogo, karudi jua limezama, halafu anasema kwa Kiingereza chake kwamba alikuwa monotonous sana mpaka akalala bila kula. Darasa likacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akamuuliza kwa upole neno hilo kalitoa wapi, kijana akatoa kamusi ya mfukoni. Tumeifungua wote wanne na kweli limeandikwa "-a kuchosha", basi, maneno mawili na nukta.

Sasa hapo mtoto kakosea wapi? Kaambiwa ni neno la kuchoka, yeye kachoka, kaliweka. Mi imeniuma kwa kweli maana ni mtoto anayejituma, kamusi kanunua kwa hela yake, halafu anachekwa kwa sababu ya mtu aliyeandika haraka haraka akaenda zake. Tumekubaliana neno hili haliingii kwenye faili mpaka tulielewe mpaka kwenye mzizi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekesha nalo. Asili yake Kigiriki, monos ni moja, tonos ni kuvuta kitu kikakaza, kama unavyoukaza uzi wa zeze, na sauti inayotoka kwenye uzi uliokazwa nayo ikaitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo neno lilianzia masikioni, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Baadaye Waingereza wakalitoa kwenye sauti wakalipeleka kwenye barabara iliyonyooka mpaka macho yanauma, kwenye chakula cha aina moja, kwenye kazi ya kufunga kifuniko kile kile kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Nimesoma mifano mingi ya jinsi wanavyolitumia na nilichokiona ni kwamba lazima kuwe na kujirudia na lazima muda upite. Kofi moja linauma ila haliwezi kuwa monotonous. Kikao kibaya cha dakika tano hakiwezi. Na linakaa upande wa kitu, halikai kwa mtu aliyechoka, yani kijana wetu baada ya kulima hawezi kuwa monotonous, ila kulima kwenyewe, jembe juu jembe chini mistari arobaini, huko ndo linapoingia. Mtu akiitwa hivyo basi ni sauti yake au maongezi yake yanayosemwa, sio hali ya mwili wake.

Mwalimu wa hesabu akasema mbona na kwetu lipo ndugu yake, monotonic, mchoro ambao ukipanda haushuki tena na ukishuka haupandi tena. Nikamuuliza na huo unachosha? Akasema hauchoshi hata kidogo, unarahisisha kazi, ukijua haugeuki unajua kila kitu. Hilo limenikaa sana kichwani. Kumbe kiini cha neno ni kutogeuka, kuchosha ni kitu kinachokuja nyuma yake, mara kinakuja mara hakiji.

Kwenye faili nimeandika wagombea wote waliotajwa leo nisije nikasahau: -a kuchosha, -a kuchusha, -a kukinaisha, chapwa, dufu, doro, -siobadilika, -a sauti moja, yaleyale. Na wanafunzi wenyewe wanasema inaboa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeshuka Katonga, mwaloni hapa Kigoma, asubuhi kununua dagaa wa kupeleka Tabora wiki ijayo (kuna harusi ya binamu) na nimerudi na kitu ambacho kamusi zote nilizonazo hazikunipa.

Kuna mama mmoja huwa nanunua kwake. Nimemkuta anaanika, chanja zake za wavu ziko kama sita zimejaa, anapita anageuza kwa kiganja, taratibu, akimaliza ya mwisho anarudi ya kwanza. Nikamsalimia shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, karibu, leo wazuri. Nikasubiri anipimie, na kwa vile hili neno linanitembea kichwani nikamuuliza, mama hii kazi haikuchoshi, kila siku kuanika kugeuza kuanika kugeuza?

Akanyoosha mgongo kwanza. Akasema, "Inachosha mwanangu, inachosha mgongo na macho, ila hainichushi."

Nikamwambia rudia mama. Akacheka, akarudia, akatenganisha kabisa, inachosha, hainichushi.

Herufi moja tu! Mi nimezaliwa nazisikia zote mbili na sijawahi kuziweka pamoja. Kuchosha ni kumaliza nguvu. Kuchusha ni kumfanya mtu akichukie kitu, asitake hata kukisogelea. Ukichoka unalala unaamka umepona. Ukichushwa, kulala hakusaidii, kesho ukikiona tena roho inarudi nyuma.

Nikamuuliza kwa nini haimchushi. Hakunijibu kwa maneno kwanza, alichota konzi ya dagaa kutoka chanja ya mwisho akaimwaga polepole mbele yangu, ikalia chaka chaka chaka, akachota ya chanja ya kwanza akaimwaga, haikulia, ilianguka puu. Akasema hawa wamekauka, hawa bado, na hawa wa katikati nikichelewa kugeuza wanashikana. Halafu akaniambia kila siku dagaa ni wengine, kuna wanaofika wamechelewa majini tumbo limeshalegea, kuna siku ya upepo, kuna siku ya wingu, bei ya asubuhi sio ya mchana. Yani mtu anayepita barabarani anaona mama anageuza samaki, yeye anasikiliza.

Alivyomaliza kunipimia akasema mwenyewe bila kuulizwa, kilichomchusha ni mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi 3, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kupisha samaki wazaliane. Hakulalamikia kufungwa, alisema samaki walirudi wanono. Ila kukaa nyumbani. "Asubuhi ni ileile, jioni ileile, unafagia uwanja ambao haujachafuka."

Uwanja ambao haujachafuka. Nimeiandika kwenye simu kabla sijapanda bodaboda.

Jumanne, 9 Septemba

Umeme hakuna tangu jana, naandika hii kwa chaji iliyobaki.

Tumebishana kuhusu inaboa. Mwalimu wa Kiingereza hataki kabisa iingie, anasema ni Kiingereza kilichovalishwa kanga. Mi nasema linatumika Mwanga sokoni, linatumika stendi, linatumika bwenini, na limeshazaa, kuna kuboa, kuboeka, kuboana. Ila naye ana hoja nzito, kwamba inaboa ni pana mno, inameza kila kitu, mtu anayechelewa anaboa, mvua inaboa, timu ikifungwa inaboa, kwa hiyo haitamsaidia mtoto kujua monotonous ni boring ya aina gani. Nimekubali. Litaingia kwenye boring na litaandikwa kwamba ni la mtaani.

Jumapili, 14 Septemba, Tabora

Nimefika jana kwa treni. Kutoka Kigoma mpaka hapa ni kama kilomita 400 hivi na ukisafiri usiku Uvinza unaisikia tu, watu wanashuka na mizigo gizani. Kulikucha tukiwa tumeshaipita Nguruka.

Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa zaidi ya miaka mia abiria wamekuwa wakitazama kitu kimoja dirishani, miombo. Saa baada ya saa. Kijana niliyekaa naye anatoka Dar, simu imezima, akashika kichwa akasema aisee hili pori ni lilelile tangu giza liondoke, linaboa balaa. Mi moyoni nikasema haya, monotonous hiyo hapo, mfano wa kitabuni kabisa, nikatoa daftari.

Mbele yetu kuna mzee alipandia Kaliua na ndoo mbili za asali, kazifunga nailoni mara tatu mdomoni, miguu kaiweka juu yake zisiyumbe. Akamwambia kijana, lilelile wapi mjukuu wangu? Akaanza kumwonyesha kwa kidole. Ule pale muyombo, gome lake watu wanasokota kamba. Ule mtundu, gome lake ndo mzinga na maua yake nyuki wanayataka. Ule umesimama peke yake mninga, mbao hizo za milango ya kwenu Dar. Halafu akasema tazama majani, na kweli, sijui kwa nini sikuwa nimeona, miti imeshaanza kutoa majani mapya kabla hata mvua haijadondoka, mengine mekundu kabisa, mengine rangi ya shaba, mengine kijani kibichi kama letusi, na katikati kuna iliyokauka kama imekufa. Yule kijana hakuondoa uso dirishani mpaka Urambo, na akawa anauliza yeye sasa, na ule mzee? na ule?

Nimefikiria sana baada ya hapo. Kiingereza kikisema pori ni monotonous kinamalizia hapo, kosa ni la pori, anayetazama hatajwi. Kiswahili ukitumia kitenzi kinakupa nafasi ya kumtaja humo humo ndani ya neno, linanichosha, linamchusha, linatuchosha, na ukishamtaja anayechushwa unakuwa umeacha mlango kwa asiyechushwa. Mama wa Katonga alisema hainichushi. Alijiweka ndani. Hiki sio kitu kidogo kwenye kamusi, mtoto akitafsiri inabidi ajue kwamba anaweza kumtaja mtu na anaweza kutomtaja, na maana inabadilika.

Kitu cha pili, angalia wote wawili walivyosema bila kupangana, mama asubuhi ni ileile, kijana pori ni lilelile. Hakuna aliyetafuta sifa. Wamelirudia neno lenyewe, mdomo ukafanya kile kile kinachofanywa na kitu kinachosemwa. Nadhani hapa ndo tulipo.

Harusi ilikuwa nzuri sana, dagaa wameliwa wote.

Jumatano, 17 Septemba

Nimerudi. Kikao kirefu leo, masaa matatu, naandika yote kwa sababu kesho nitasahau nani alisema nini.

Tulianza kuwatoa wasiofaa. Chapwa ni ya ulimi, mchuzi uliokosa chumvi, chai isiyokolea, na kitu kinaweza kuwa chapwa mara ya kwanza tu unapokionja, hakihitaji kujirudia. Imetoka. Dufu ni jirani yake, kitu kisicho na nguvu wala ladha, na mfano wa zamani wa neno hili ni tumbaku, tumbaku dufu isiyo na ukali, nikawaambia nikiwa Tabora nilimuuliza mzee mmoja anayenusa ugoro akaijua papo hapo, akasema ugoro dufu haupigishi chafya. Neno tamu, nalipenda, ila halifai hapa, litakwenda kwenye insipid na kwenye dull. Na jamani dufu hili lisichanganywe na maradufu, lile ni Kiarabu na ni mambo ya kuzidisha mara mbili.

Doro ikabishaniwa. Mpira doro, soko doro, sherehe doro. Mwalimu wa hesabu aliipigania kweli. Ila doro ni kupungua moto, kulikuwa na kitu kikalegea, ndo maana uchumi unadorora. Monotonous haihitaji kulegea, mashine inaweza kugonga kwa nguvu ile ile mwaka mzima. Imetoka.

Kukinaisha imebaki, lakini kwa chakula na vitu vya namna hiyo. Hili neno lina historia nzuri, kukinai kwa Kiarabu ni kutosheka, mtu aliyekinai ni mtu aliyeridhika na alichonacho, ni sifa njema kabisa, na kwa Kiswahili maana hiyo bado ipo, ila pembeni yake ikaota nyingine, umetosheka mpaka umepita kipimo, maharage ya bweni Jumatatu mpaka Jumapili, ukisikia harufu tu unaweka sahani chini. Monotonous diet, hapo ndo pake. Wanafunzi wa bweni hawatahitaji maelezo.

Kwenye sauti hatukubishana, -a sauti moja, isiyopanda wala kushuka. Mwalimu wetu wa Kiswahili ambaye kwao ni Kiha akaongeza jambo zuri, kwamba Kiha kinapandisha na kushusha sauti ndani ya neno lenyewe na ukikosea toni unaweza kusema kitu kingine, Kiswahili hakina hiyo, sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho na maisha yanaendelea, kwa hiyo mtoto wa Kiha anapojifunza kusoma Kiswahili kwa sauti darasani wakati mwingine anailaza yote iwe bapa kwa kuogopa kukosea. Anasema yeye hamwambii mtoto unachosha, anamwambia pandisha hapa, shusha hapa, kama unamhadithia bibi.

Ikabaki yaleyale. Hoja yangu ilikuwa kwamba inafanya kazi ya sifa kuliko hata -a kuchosha, maana inakubaliana na ngeli yoyote utakayoipa, kazi ileile, pori lilelile, chakula kilekile, maisha yaleyale, nyimbo zilezile. Wakaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: na ukisema gari ni lilelile la jana? Hapo hakuna kuchoka, ni kutambua tu. Kweli. Kwa hiyo peke yake haitoshi, inahitaji kitu cha kuonyesha muda, kila siku, tangu asubuhi, siku nenda siku rudi. Ukiweka hicho tu inakaa. Kazi ni ileile siku nenda siku rudi. Hakuna mtu wa Kigoma atakayesikia hiyo akadhani unasifia.

Tukamaliza kwa kubishana kama tuunganishe au tutenganishe, yaleyale au yale yale. Tumeunganisha. Mimi kwenye simu nitaendelea kuchanganya, mnisamehe, kwenye faili nitafuata.

Jumatatu, 22 Septemba

Limeingia. Naweka hapa lilivyo kwenye faili:

monotonous (sifa) 1 (sauti) -a sauti moja, isiyopanda wala kushuka: *anasoma kwa sauti moja mwanzo mpaka mwisho.* 2 (kazi, maisha, safari, mandhari) -a yaleyale, -siobadilika, na kwa hiyo huweza kuchusha: *kazi ni ileile siku nenda siku rudi.* 3 (chakula) -a kukinaisha kwa kuwa cha aina moja: *ugali na maharage kila siku vimetukinaisha.* Angalia: neno hili husema kuhusu kitu, halisemi kuhusu mtu aliyechoka. Aliyechoka ni *tired*. Aliyechushwa ni *bored*.

Ndo kidahizo, yani neno na maelezo yake, kirefu kuliko vyote kwenye M na mwalimu wa hesabu kalalamika karatasi. Nimemwambia nitapunguza kwenye *monkey*.

Leo tumekijaribu fomu tu. Mwalimu hakumtaja yule kijana, aligawa vikaratasi vyenye kidahizo kwa wote, akawaambia kila mmoja aandike sentensi moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili. Nilikaa nyuma. Wengi walikimbilia maharage kama tulivyotegemea. Binti mmoja kaandika kuhusu sauti ya pampu ya maji jirani na kwao. Yule kijana kachukua muda, akafuta, akaandika tena, alipoleta karatasi Kiingereza chake kilikuwa sawa kabisa, kupalilia muhogo ni monotonous, yeye alikuwa *tired*. Na kwa Kiswahili kaandika hivi: "Kupalilia muhogo ni kulekule kila tuta, nilichoka lakini sikuchushwa kwa sababu bibi alikuwa anaimba."

Kulekule. Ngeli ya KU, wala hatukuwa tumeiweka kwenye mfano. Nimeiongeza.

Maneno sasa ni 1,772. Kesho tunaanza na *monsoon*, na hilo nadhani halitatusumbua, Waingereza walilipata kutoka kwenye Kiarabu kile kile kilichotupa sisi msimu.